Mafi Sura

Kwa dereva yeyote aliyefanya kazi Saudia miaka ile, warsha ni gereji. Gari likikohoa unalipeleka warsha, na bosi akikuuliza ulikuwa wapi unasema warsha, maswali yanaishia hapo. Kwa hiyo madam wangu aliponiambia asubuhi moja kwamba anakwenda warsha Bali, wiki mbili, nilitoka nikafungua boneti nione ni kitu gani kimeharibika kiasi cha kupelekwa ng'ambo. Nikarudi kumwambia gari liko sawa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Warsha yake ilikuwa ya kufundishwa kupiga picha.

Nilikuwa mmoja wa wale waliozolewa na maajenti wa Nairobi katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, tukapakiwa kwenye ndege tukiwa na bahasha za kahawia na soksi mpya. Nilifikia Riyadh. Siku ya kutengenezewa ikama, kile kitambulisho ambacho bila hicho wewe si mtu, karani aliyekaa nyuma ya kioo aliniambia, "Sura!" Nikasogeza uso. "Sura, sura!" akapaza sauti. Nikasogeza tena hadi pua ikagusa kioo, na foleni nzima nyuma yangu ikaangua kicheko. Karani alikuwa anataka picha, ile ndogo ya paspoti. Jioni yake nilimsimulia mfanyakazi wa ndani wa madam, dada wa Kiindonesia aliyekuwa amekaa kule miaka tisa na Kiarabu chake kimeiva. Akanieleza huku anakata vitunguu: "Sura ni picha. Uso ni wajhi. Usisahau."

Sikusahau. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Baadaye familia ilihamia Jeddah, kwenye jumba la mtaa wa Al-Hamra, na sisi tukahamishwa pamoja na makochi. Wanawake walikuwa bado hawajaruhusiwa kuendesha gari, kwa hiyo pale alipokwenda madam nami nilikuwapo: kwa fundi nguo, kwa daktari wa meno, kwa dada zake. Aliporudi kutoka Bali alikuja na picha elfu kadhaa na tabia mpya ya kutazama watu huku amefumba jicho moja. Katika gari nilisimuliwa yote. Mwalimu wao alikuwa mzungu mwenye ndevu, tena mpole, aliyewaambia kwamba kabla hujampiga mtu picha lazima uishi naye, ule naye, umwogope Mungu wake. Waliishi nao siku kumi na mbili, katika hoteli yenye bwawa. Walifungwa vitambaa viunoni wakaingizwa hekaluni, wakaoga kwenye chemchemi takatifu, wakafundishwa kusuka visahani vya majani na kuvitia maua na wali kwa ajili ya miungu ambayo madam, kwa dini yake, haiamini hata kidogo.

"Ulivitoa kweli, madam? Hivyo visahani?" nilimuuliza.

"Kwa ajili ya picha tu," akasema.

Kulikuwa na sikukuu kubwa. Siku ya kwanza watu walibeba masanamu makubwa ya mashetani wakayazungusha njia panda kwa ngoma na kelele. Siku ya pili kisiwa kizima hunyamaza: hakuna taa, hakuna gari, hakuna mtu kutoka nje. Madam aliiona siku hiyo kuwa hasara. Hoteli ilimkataza kutoka na kamera, akalia kwa hasira chumbani, maana njia tupu ingekuwa picha nzuri sana. Watu wamekaa kimya nchi nzima wamwachie Mungu nafasi, na yeye analalamika kwamba hawakumwachia mlango wazi.

Wa kwanza kuonja elimu hiyo alikuwa yule dada. Madam alimwita sebuleni amtafsirie picha. "Hawa wanafanya nini hapa?" Dada akatazama wanawake waliobeba minara ya matunda vichwani, akasema hajui. "Vipi hujui? Ni kwenu." Dada akaeleza, kwa adabu, kwamba yeye ni Muislamu wa Java, na kwamba hajawahi kukanyaga Bali. Madam akamtazama kama mtu aliyeuziwa bidhaa siyo. Wiki iliyofuata alimvika sarong akamtwika ndizi na maembe kichwani, akampiga picha kando ya ukuta wa nyumba. Dada alikuwa amekaza shingo na macho yamemtoka, anaomba tu ndizi zisianguke. Picha ile iliwekwa fremu.

Kisha akaanzisha warsha yake. Mabibi saba, marafiki zake, kila mmoja na kamera yenye bomba refu kama la kumwagilia maua. Mimi nikapandishwa cheo: dereva na msaidizi. Nilibeba miguu mitatu ya kamera, nilibeba maji baridi, na juu ya yote nilishika lile duara la kitambaa cha fedha ambalo huchukua mwanga wa dirisha na kuurudisha usoni mwa mtu. Kazi ile niliijua vizuri. Nasema hivyo bila majivuno. Ilikuwa kazi ya mlingoti wa bendera.

Tulikwenda Karantina, kule kusini ya mji wanakojibana Waafrika wenzangu, kutafuta kile alichokiita roho ya mahali. Roho ilitafutwa kupitia dirisha la gari, eyasii, kile kiyoyozi, ikinguruma. Mzee mmoja fundi viatu alipoona tunarudi mara ya pili, alikwenda ndani akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa wima. Madam alinituma nimwombe arudishe lile la zamani, lenye gundi. Nilimwomba. Alinitazama mimi, siyo wao. Akavua shati lake safi taratibu, kifungo kwa kifungo, na mabibi wakaanza kubofya. Kwetu picha hupigwa, na siku ile nilielewa kwa nini.

Najua nawacheka. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshika duara, na nilikuwa nalishika vizuri, kwa sababu nilikuwa na haja yangu.

Mama yangu alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kuona kwake kutaendelea kupungua kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba dawa inachelewesha tu. Kila nilipopiga simu alikuwa na taarifa mpya: leo sikuona kuku aliyepita, leo nimegonga mlango. Kisha akaacha kueleza, akawa anasema neno moja: "Njoo nikuone sura, mwanangu. Kabla hapajafunga." Nilikuwa nimemaliza mkataba wa kwanza na likizo ilikuwa haki yangu, lakini haki ya mfanyakazi kule huwa mkononi mwa kafili, yule mdhamini wa kibali chako, na kafili wangu alikuwa baba mwenye nyumba, ambaye mambo ya watumishi alimwachia mkewe. Madam kila mara alisema, "Baada ya warsha." Warsha haikuwa na mwisho.

Nilikuwa na kitu kimoja anachokitaka, ila sikujua kwamba anakijua.

Kila Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa ya saa mbili nikanywe chai na Wakenya wenzangu. Chai ilikuwa ibada. Tulikutana Aziziya, katika chumba cha mmoja wetu, wanaume kumi na wawili: madereva, walinzi, wapakiaji. Viatu tuliviingiza ndani visirundikane mlangoni. Tukianza kuimba, mwenye chumba aliwasha mashine ya kufulia, tukaimba chinichini ndani ya kelele zake. Kuna nyimbo za injili ambazo mpaka leo nikizisikia bila mashine ya kufua naona zimepungukiwa. Kiongozi wetu tulimwita mchungaji, ingawa alikuwa mlinzi wa ghala la vigae. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwenye sauti ya kutetemesha sufuria, akiizuia kila Ijumaa kama mtu anayezuia ng'ombe kwa kamba. Sote tulijua kwamba tukionekana, safari ya nyumbani itakuwa ya bure na ya upande mmoja.

Desemba ile madam akaniambia ndani ya gari, bila hata kuinua macho kwenye simu, "Hiyo chai yako ni kanisa, siyo?"

Nilipunguza mwendo. Akacheka. "Mafi mushkila, hakuna shida! Mimi siyo polisi. Mna sikukuu yenu mwezi huu. Nataka kuja."

Sikukuu! Idi ilikuwa imepita miezi michache tu nyuma, nyumba nzima imevaa vipya, udi unafuka, watoto wanazunguka na bahasha, na yeye hakutoa kamera mfukoni. Idi ilikuwa yake, kwa hiyo ilikuwa maisha. Utamaduni ni kile wanachofanya wengine. Huko Bali aliwapata wengine wa kutosha. Jeddah alikuwa amebakiwa na sisi.

"Madam, ni hatari kwa wale watu."

"Nitakuwa mpole. Nitaishi nao kwanza." Akapitisha kidole kwenye simu. "Na likizo yako, tungeweza kuisaini mwezi wa kwanza."

Hakusema "ukinipeleka". Alikuwa mtu mstaarabu.

Ijumaa iliyofuata niliwaeleza ndugu. Mmoja akasema tumekuwa mbuga ya wanyama. Mwingine akasema, "Bro, huyo madam wako ata-survive, sisi tutadeportiwa." Nikawaambia habari ya macho, tena niliieleza vizuri zaidi kuliko ilivyohitajika, nilimfanya mama awe amebakiza wiki. Mchungaji alisikiliza, mikono magotini. Kisha akasema, "Kama ni mambo ya mama, aje. Apige mikono yetu, migongo, Biblia, viatu vyetu pale kwa ukuta. Lakini sura zetu hapana. Umwambie hivyo wazi. Sura hapana."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilimwambia, kweli. Nilimwambia tukiwa kwenye taa nyekundu, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza: "Madam, ndugu wamekubali. Lakini mafi sura."

Aligeuka. "Mafi sura? Hata moja?"

"Hata moja, madam. Wanaogopa."

Uso ulimshuka kama mtoto aliyenyimwa, mpaka taa ikawaka kijani. Kisha akachangamka ghafla. "Tamam," akasema. "Mafi sura. Nakuahidi."

Nilikuwa nimesema Kiswahili ndani ya Kiarabu. Nilikusudia nyuso, yeye alisikia picha. Na wajhi nilikuwa nalijua, nilifundishwa juu ya vitunguu, nilikuwa nalo mdomoni kila dada aliponiambia nikaoshe wajhi. Nimejiuliza mara nyingi kama ulimi uliteleza au kama sikutaka kulisema jambo kwa uwazi kiasi cha kumfanya abadili nia. Sijapata jibu ninaloliamini.

Alikuja Krismasi, iliyotuangukia siku ya kazi, hivyo tuliifanya Ijumaa ya karibu. Alikuja amejifunika vizuri, na dada wa Kiindonesia kando yake ili asiwe mwanamke peke yake. Alileta tende na keki. Alikaa sakafuni. Alikuwa mpole kweli, sitamsingizia. Ndugu walikuwa wamevaa mashati yao bora, safari hii hakuna aliyeambiwa avue. Mashine ikawashwa, mchungaji akaanzisha wimbo.

Madam akanionyesha dirisha. Nikafungua pazia upana wa mkono, nikainua duara, mwanga ukaruka hadi kwenye mikono ya mchungaji iliyokumbatia Biblia. "Juu kidogo," madam akanong'ona. Nikainua. "Juu." Nikainua tena. Mwanga ulikuwa usoni mwake. Nilijua uko usoni. Kazi ile niliijua. Lakini kamera haikulia hata mara moja, ule mlio wake wa kubofya haukusikika, nikajiambia anapima tu, anaheshimu neno lake. Mchungaji naye alikuwa anasikiliza mlio, alipoona hausikiki akalegea, akafumba macho, akaiachia ile sauti kidogo kuliko kawaida. Nikazungusha mwanga kwa mmoja mmoja, nikifuata kidole cha madam. Dada wa Kiindonesia alikuwa ananitazama mimi kwa uso ambao sikuuelewa.

Mwezi wa kwanza nilimwendesha madam kwenda Riyadh kwa maonyesho, njia ya siku nzima, buti limejaa fremu. Yalifanyika katika jumba la dada yake, kwa wageni walioalikwa tu, wanaume ukumbi mmoja na wanawake mwingine. Bali ilikuwa ukuta wa kulia. Karantina ilikuwa kushoto, fundi viatu ndani ya shati la gundi, picha kubwa kama mlango. Kati ya kumbi zote mbili palikuwa na televisheni pana, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nayo na sinia la kahawa.

Ikawashwa. Nikasikia mashine ya kufulia kabla sijaona kitu. Kisha uso wa mchungaji ukajaa kioo, macho yamefumbwa, unang'aa, na sauti yake ikajaza ukumbi wa watu wasiojua anaimba nini. Akafuata mwenye chumba. Akafuata yule aliyesema tumekuwa mbuga ya wanyama. Mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja, bila haraka, kwa mwanga mzuri kabisa.

Kila mtu alisifu ule mwanga.

Bwana mmoja mnene alisogea mbele, akanyoosha kidole akicheka. "Huyu ni mlinzi wangu! Wallahi, huyu yuko kwenye ghala langu Jeddah!" Alifurahi kwanza kama mtu aliyeona ng'ombe wake kwenye kalenda. Kisha akaona wenzake wamenyamaza wanamtazama yeye, sasa siyo televisheni. Furaha ikamtoka polepole. Akaweka kikombe kwenye sinia langu, akasema neno moja: "Halas," yaani basi, imekwisha. Akatoka na simu sikioni.

Nilimkuta madam nje, karibu na gari. Nadhani hiyo ndiyo mara pekee niliyompazia sauti. "Madam, uliniahidi! Mafi sura!"

Alishangaa kwa dhati. "Na nimetimiza. Sikupiga sura hata moja. Ile ni vidyo."

Asiyejua maana haambiwi maana, husema wazee. Lakini yeye maana alikuwa anaijua, kwa lugha yake, na kwa lugha yake alikuwa amesema kweli tupu. Mimi ndiye niliyekuwa na lugha mbili.

Nilipiga simu Jeddah, nikapiga tena. Mchungaji hakuwa na hasira. Aliniuliza kama nimekula. Siku nane baadaye alikuwa amegongewa muhuri wa kutoka moja kwa moja. Chai ya Aziziya ilikufa. Wawili walibadilisha namba za simu, waliobaki wakawa wananisalimia kwa kichwa. Dada wa Kiindonesia alinisubiri jikoni niliporudi. Hakukaripia. Alisema tu, "Nilikwambia uso ni wajhi," akaendelea kuosha mchele.

Na likizo? Ilisainiwa kama ilivyosemwa. Madam alinipa na blanketi la mama, zito, lenye picha ya simbamarara.

Mama alinikalisha mlangoni penye mwanga, akanishika kidevu, akanigeuza taratibu, huku na huku, mpaka aliponipata katika kile kitundu alichobakiza. Alinitazama muda mrefu. "Ni wewe," akasema. "Umenenepa." Nilitaka kulia, nikamwonyesha blanketi.

Siku ya nne mchungaji alikuja. Alikuwa amesafiri kutoka Bungoma akibadilisha gari mara mbili, kwa sababu Ijumaa nyingi alikuwa amemwombea mama, akasema haitakuwa vizuri amwombee mtu asiyemjua. Alikuwa amekonda. Alikuwa anachimba mitaro ya watu, alisema, huku akitafuta kingine. Mama alimkaribisha kwa chai, chai ya kweli, akamshukuru kwa kuniachia nije.

Walizungumza vizuri. Mimi nilikuwa nakunywa bila kuonja. Kisha mchungaji akatoa simu, siyo kwa ubaya, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

"Ile vidyo ilinifikia hata mimi, huku kwa group ya Wakenya," akasema. "Nimeitazama mara nyingi, ndugu. Kusema ukweli ni nzuri. Ndugu wote nawaona. Lakini wewe nimekutafuta, nimekutafuta, sura yako haiko. Kwani ulikuwa umekaa wapi?"

Mama aligeuza kichwa upande wangu asikie.

"Sikuwa nimekaa," nikasema. "Nilikuwa nimeshika mwanga."

"Unaona?" mama akamwambia mchungaji, akitabasamu, akinipapasa goti kwa fahari ya mzazi. "Alikuwa anawamulikia wenzake."

Mchungaji akanitazama. Kisha akazima simu, akamwambia mama kwamba chai ni tamu.